Kutch ni mahali gani hasa, na kwa nini watu wake walikuja kwetu?

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga. Anaandika: "Mwalimu, shikamoo. Desemba tunampeleka baba Ahmedabad kwa matibabu, na kutakuwa na siku za kusubiri kabla ya kliniki ya mwisho. Kaka yangu atabaki naye, mimi nitakuwa huru siku nne hivi. Mtaani kwetu zamani palikuwa na duka la mzee tuliyemwita Mkachi. Alikuwa akisema, 'Sisi si Wagujarati.' Nikitazama ramani naona Kutch imo ndani ya Gujarat. Ni mahali gani hasa? Wanaishi watu gani? Na je, inafaa niende, au ni jangwa tupu?"

Marahaba, na Mungu ampe baba nafuu. Nenda. Mzee wa duka alisema kweli, na ramani yako nayo haikudanganyi. Kutch ni wilaya ya jimbo la Gujarat, lakini iliingia humo tarehe 1 Mei 1960, siku jimbo lenyewe lilipoundwa. Kabla ya hapo ilikaa miaka michache ndani ya jimbo la Bombay, na kwa karne nne hadi 1948 ilikuwa nchi yenye mtawala wake, Rao, wa ukoo wa Jadeja, makao yake makuu yakiwa mji wa Bhuj. Ilipiga sarafu yake ya fedha iliyoitwa kori. Mwaka mpya wake hadi leo huangukia Juni au Julai, wakati watu wanapotazamia mvua, na si baada ya Diwali kama kwa Wagujarati wengine. Lugha yake, Kikachi, ina undugu wa karibu zaidi na Kisindhi cha Pakistani kuliko Kigujarati, ingawa mtoto shuleni husoma Kigujarati na Kikachi chenyewe kikiandikwa huazima herufi za Kigujarati hicho hicho. Kwa hiyo mzee alipokataa kuitwa Mgujarati hakuwa anaringa.

Kuhusu jangwa. Watalii huonyeshwa picha moja tu, ya uwanda mweupe usiku wa mbalamwezi, wakaondoka wakidhani ndiyo Kutch yote. Mimi nakushauri uitazame kwa jicho la mtu anayetafuta maji ya kunywa. Ukijua maji matamu yako wapi na ya chumvi yako wapi, utaelewa kwa nini kijiji kiko pale kilipo, kwa nini huyu anachapa nguo na yule anafuga ngamia, na kwa nini babu wa yule mwenye duka alipanda jahazi kuja kwetu.

Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India, zaidi ya kilomita za mraba 45,000. Rwanda nzima ingeingia humo na nafasi ikabaki. Lakini sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 2 na kidogo tu, nao hawakusambaa sawasawa. Kusini iko Ghuba ya Kutch, magharibi Bahari ya Arabu, kaskazini mpaka wa Pakistani. Upande wa kaskazini na mashariki umezibwa na Rann, ardhi tambarare ya tope na chumvi iliyo karibu usawa mmoja na bahari. Iko Rann Kubwa na Rann Ndogo, na kwa pamoja zimechukua karibu nusu ya wilaya.

Rann si mchanga, na hilo wengi hulikosea. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusini-magharibi husukuma maji ya bahari ndani kupitia hori, na mito inayotoka bara humwaga maji yake mumo humo. Maji hayana pa kutokea. Husimama, kina chake cha kufika kifundo cha mguu au goti, mpaka jua la baada ya mvua liyakaushe na kuacha gamba la chumvi. Desemba utalikuta gamba hilo limeshika sehemu nyingi, na ukilikanyaga pembeni linavunjika, chini yake tope jeusi. Katikati ya Rann kuna vilima ambavyo msimu wa maji hugeuka visiwa: Pachham, Khadir, Bela. Pachham ndipo penye Kilima Cheusi, Kalo Dungar, sehemu ya juu kuliko zote wilayani, mita 460 hivi. Juu yake pana hekalu la Dattatreya, ambako bweha hupikiwa wali na kuitwa waje kula.

Na kwa kuwa umetoka Tanzania, jua hili pia: heroe wadogo, wale ndege wa waridi wanaotaga Ziwa Natron, ni ndege wa kuchagua sana, na duniani hutaga mahali pachache mno. Rann ya Kutch ni mojawapo. Rann Ndogo nayo ina punda-mwitu wa Kihindi, wenye rangi ya kahawia hafifu, ambao siku hizi ni nadra kuwaona kwingine.

Sasa ardhi yenyewe haitulii. Tarehe 16 Juni 1819 tetemeko kubwa liliinua tuta refu la udongo kaskazini-magharibi, kilomita 80 na zaidi, ambalo watu waliliita Allah Bund, yaani tuta la Mwenyezi Mungu, kulitofautisha na matuta waliyojenga wanadamu. Ngome ya Sindri ilizama. Maji matamu ya tawi la mto Indus, ambayo tayari yalikuwa yamepungua kwa sababu ya mabwawa yaliyojengwa upande wa Sindh, yakazibwa. Mji wa Lakhpat, bandari iliyonenepa kwa biashara ya mtoni na baharini, ukaanza kufa. Ukienda leo utaukuta ukuta wa ngome umesimama kilomita na kilomita, na ndani yake familia chache, makaburi, misikiti, na nyumba ya ibada ya Masingasinga ambayo inasemekana Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, aliwahi kulala hapo.

Miaka minne baada ya tetemeko hilo, mwaka 1823, katika mji huo huo uliokuwa ukikauka alizaliwa Tharia Topan. Alikuja Unguja akiwa kijana mdogo, wapo wanaosimulia kwamba alijificha ndani ya jahazi, na miaka ya 1870 akawa ndiye anayekodi ushuru wa forodha wa Sultani, yaani anamlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kisha anajikusanyia ushuru mwenyewe. Lile jengo la ufukweni mwa Mji Mkongwe, barabara ya Mizingani, lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, tunaloliita Dispensari ya Zamani, ni la kwake: alilianzisha 1887, akafariki 1891 kabla halijakamilika. Huwa nawaambia wanafunzi wakitaka kujua kwa nini Wakachi walihama, waanzie Lakhpat, wasianzie Zanzibar. Biashara ni tamu, lakini kisima kikavu ndicho kinachomtoa mtu kitandani.

Mahali pa kuona elimu ya maji ilivyo ya kale huko ni Dholavira, kwenye kisiwa cha Khadir. Ni mji wa ustaarabu wa bonde la Indus, ulioishi watu kwa miaka elfu moja na mia tano hivi, kuanzia karibu mwaka 3000 kabla ya Kristo. Mwanaakiolojia Jagat Pati Joshi aliutambua miaka ya 1960, R. S. Bisht akaanza kuuchimbua 1990, na 2021 UNESCO ikauandika katika orodha ya urithi wa dunia. Pembeni mwa mji hupita vijito viwili, Mansar na Manhar, ambavyo hububujika mvua ikinyesha na kukauka wiki chache baadaye. Wenyeji waliviwekea vizuizi, wakayageuza maji kuingia kwenye mabirika makubwa yaliyozunguka kuta, mengine yamechongwa ndani ya mwamba, na ngazi za kushukia kadiri maji yanavyopungua. Simama juu ya ngazi hizo uangalie chini, halafu ugeuke uangalie chumvi inavyong'aa pande zote. Penye lango la kaskazini la ngome zilikutwa alama 10 za jasi, zilizokuwa zimepangwa kwenye ubao mrefu kama kibao cha jina. Hakuna aliyefaulu kuzisoma hadi leo.

Kaskazini ya Bhuj, kabla hujafika kwenye chumvi, kuna Banni: uwanda wa malisho wa kilomita za mraba 2,500 hivi. Hapa wenyeji ni wafugaji wanaoitwa kwa jumla Maldhari, wengi wao Waislamu wa jamaa mbalimbali, kama Wamutwa, Wajat, Wahalepotra na Waraysipotra, pamoja na Wameghwal ambao ni Wahindu. Fahari yao ni nyati weusi wa maziwa wenye pembe zilizojiviringa. Kwa sababu mchana jua ni kali, nyati wa Banni huenda malishoni usiku, peke yao, bila mchungaji, na alfajiri hurudi wenyewe kukamuliwa. Serikali ya India iliwatambua rasmi kuwa aina ya pekee mwaka 2010. Upande wa pwani wapo ngamia wa Kharai, wanaofugwa hasa na Wajat wa jamaa ya Fakirani: ngamia hawa huogelea kuvuka hori kwenda kula majani ya mikoko. Hakika ni jambo la kuliona kwa macho, kichwa na nundu tu juu ya maji.

Ukiwa Banni utauona mti ambao Mkenya yeyote wa Baringo au Tana River atautambua mara moja. Ni mathenge (Prosopis juliflora). Idara ya misitu ya India iliupanda Banni mwaka 1961 ili kuzuia chumvi ya Rann isisonge mbele, kwa nia ile ile njema iliyouleta Kenya miongo miwili hivi baadaye. Chumvi haikukoma na mti nao haukukoma. Umemeza malisho, miiba yake inatoboa tairi, ng'ombe wakila maganda yake kwa wingi wanaugua. Wakachi huuita gando baval, yaani mgunga-wazimu. Nao, kama Baringo, wamejikuta hawawezi kuuchukia moja kwa moja, maana watu maskini wanachoma mkaa wake na kuuza. Mimi niko upande wa wafugaji wanaoung'oa na kurudisha nyasi, ingawa najua anayechoma mkaa ana hoja yake.

Nyati wanaotembea usiku bila mtu wanahitaji kengele, na hapo ndipo utakapokutana na kazi ya mikono ninayoipenda kuliko zote za Kutch. Nenda Nirona au Zura, uwatafute wahunzi wa jamaa ya Lohar. Fundi huketi chini, huchukua bati la chuma chakavu, hulikata vipande viwili au vitatu na kuvikunja kingo kwa kingo kwa nyundo tu. Halehemu popote. Kengele ikishapata umbo huchovywa kwenye maji ya udongo, hupakwa unga wa shaba, kisha hufunikwa kwa udongo uliokandwa na pamba, na kuingizwa motoni. Udongo ukipasuliwa, shaba imeshika chuma. Lakini kazi haijaisha. Fundi huivika ulimi wa mbao, huitikisa sikioni, hugonga ukingo kidogo, huitikisa tena, mpaka sauti imkubali. Mfugaji anaijua sauti ya kengele ya mifugo yake gizani, na hanunui isiyofanana na zile alizo nazo.

Nirona hiyo hiyo kuna familia ya Khatri inayofanya rogan: mafuta ya nyonyo huchemshwa mpaka yawe mazito ya kunata, huchanganywa na rangi, na msanii huyavuta kwa kijiti cha chuma juu ya kitambaa bila kijiti kugusa nguo, anachora upande mmoja kisha anakunja ili upande wa pili ujichape. Mwaka 2014 waziri mkuu Narendra Modi alimpelekea Rais Obama mchoro wa rogan. Tangu hapo foleni ya watalii ni ndefu, na bei zimefuata.

Ajrak ni habari nyingine, na hapa tunarudi kwenye maji. Ni kitambaa cha nyekundu iliyoiva na buluu ya nili, kinachochapwa kwa vipande vya mbao vilivyochongwa, pande zote mbili, na wafugaji wa Kiislamu hukivaa begani au kiunoni. Kwanza nguo hulowekwa kwenye mchanganyiko wa mafuta ya nyonyo, magadi na samadi ya ngamia. Kisha huzamishwa kwenye maji ya tunda kali liitwalo harde. Halafu huja chokaa na gundi, ili sehemu zinazotakiwa zibaki nyeupe. Huja maji ya kutu yaliyochachishwa kwa vyuma vibovu na sukari guru, kwa ajili ya weusi. Huja shabu kwa ajili ya wekundu. Kisha pipa la nili, kisha kuchemshwa na rangi nyekundu. Na baina ya hatua moja na nyingine ni kufua, kuanika, kufua tena. Kazi yote inategemea maji yanayotiririka yasiyo na madini mabaya. Kijiji cha kazi hii kilikuwa Dhamadka. Baada ya tetemeko la 2001 maji ya Dhamadka yalibadilika, chuma kikazidi, rangi zikaharibika. Mafundi wakatafuta ardhi karibu na Bhuj, wakajenga kijiji kipya na kukiita Ajrakhpur. Waliobaki Dhamadka wapo pia, na ukimuuliza kila upande atakwambia ajrak yake ndiyo yenyewe.

Tetemeko hilo la pili lazima nilitaje kwa marefu kidogo, maana kila mtu mzima utakayemkuta huhesabu maisha yake kabla na baada yake. Ilikuwa tarehe 26 Januari 2001, sikukuu ya Jamhuri, saa mbili na dakika 46 asubuhi. Nguvu yake ilikuwa karibu 7.7, kitovu chake karibu na Bhachau. Watoto wa Anjar walikuwa wakiandamana na bendera kwenye vichochoro vyembamba vya mji wa zamani, kuta zikawaangukia kutoka pande zote mbili. Waliokufa kwa jumla wanakadiriwa kufikia 20,000. Sehemu ya Aina Mahal, jumba la vioo la Bhuj la karne ya 18, ilibomoka. Jumba hilo lilipambwa na fundi Ram Singh Malam, aliyejifunza ufundi wa vioo na vigae Uholanzi, na vyumba vilivyookolewa vinaonyeshwa. Lakini kule Banni, nyumba za asili zinazoitwa bhunga, za duara, kuta nene za udongo na paa la nyasi lenye ncha, nyingi zilisimama bila ufa. Duara haina pembe ya kupasukia, na paa ni jepesi. Wahandisi waliokuja na saruji waliondoka na funzo. Ndani ya bhunga wanawake hupaka kuta udongo uliochanganywa na samadi, wakauchora mistari iliyoinuka na kupachika vioo vidogo vidogo, hata taa moja usiku huangaza chumba kizima.

Wanawake hao hao hudarizi, na mtu mwenye macho huijua jamaa kwa darizi yake: Warabari huvaa sufu nyeusi na kudarizi kwa vioo vikubwa, Wamutwa hupachika vioo vidogo sana na mishono midogo mno, Wasodha hudarizi maumbo ya pembetatu kwa kuhesabu nyuzi kutoka upande wa nyuma wa kitambaa, bila kuchora kwanza. Wafumaji wa Bhujodi ni Wameghwal, na kwa karne nyingi Mrabari alitoa sufu, Mmeghwal akafuma, Mkhatri Mwislamu akatia rangi. Wanunuzi wa mijini hupenda kuliita hilo upendo wa dini. Kulikuwa na upendo, lakini pia kulikuwa na tabaka, na Mmeghwal hakuketi jamvi moja na kila mtu. Ukiwa huko sikiliza pande zote mbili.

Sasa tuje kwetu. Mandvi ni mji wa bandari kwenye mdomo wa mto Rukmavati, na Mundra uko mashariki yake. Upepo wa kaskazi ulipoanza kuvuma, majahazi yalitoka hapo na nguo za pamba, na kurudi na kusi yakiwa na pembe za ndovu na karafuu. Bara lilikuwa limezibwa na chumvi. Bahari ilikuwa wazi. Kwa hiyo Mkachi wa Mandvi wa mwaka 1840 huenda aliijua Unguja vizuri kuliko Delhi. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, watu wa jamaa ya Bhatia wenye asili ya Mundra, ilikodi ushuru wa forodha wa Zanzibar kuanzia miaka ya 1830, na kwa miongo kadhaa Sultani mwenyewe alikuwa mdeni wao. Methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa ilipata nyama yake kwenye madaftari ya watu hao. Allidina Visram, aliyezaliwa Kera karibu na Bhuj mwaka 1851, alianzia Bagamoyo na kufungua maduka hadi Uganda. Mombasa kuna shule yenye jina lake. Sewa Haji Paroo alizaliwa Zanzibar kwa familia iliyotoka Kutch, na mtu aliyelazwa jengo la Sewahaji pale Muhimbili ametaja jina lake pengine bila kujua.

Wengine hawakuwa matajiri, na hao ndio wengi. Wakumbaro wafinyanzi, washona nguo, mafundi wa dhahabu, mabaharia Waislamu na wale wa jamaa ya Kharva. Hata Kikachi cha Unguja kimechanganyika na Kiswahili kiasi kwamba mgeni kutoka Bhuj hushangaa akikisikia.

Na tusilifiche la utumwa. Wafanyabiashara wa Kikachi waliwakopesha fedha wenye misafara, na wengi wao walimiliki watumwa. Balozi wa Uingereza Zanzibar, Rigby, aliwalazimisha kuwaachia maelfu karibu na mwaka 1860. Watu wetu pia walivushwa kwenda huko. Wazao wao, Wasiddi, wanaishi Gujarat hadi leo, Kutch wakiwemo, Waislamu walio wengi, wakizungumza lugha za huko. Ngoma yao wanaiita goma, na moja ya ngoma wanazozipiga inaitwa musindo. Ukiwakuta wakicheza, utaona miguu unayoijua.

Kuna wimbi la baadaye ambalo watu wa Nairobi wanalijua zaidi kuliko sisi wa Tanga: Wapatel wa jamaa ya Leva kutoka vijiji vya karibu na Bhuj, Madhapar, Baladia, Sukhpar, Mankuwa. Hawa walikuwa wakulima, wakaja Kenya kuwa waashi na wakandarasi, wengine wakaendelea hadi London. Vijiji vyao leo vina majumba ya ghorofa yaliyofungwa kufuli karibu mwaka mzima, mahekalu ya Swaminarayan ya mawe meupe, na benki nyingi kuliko unavyotarajia kijijini. Usishangae mzee wa Baladia akikusikia unavyoongea na kukuuliza "Habari gani?" Madhapar wana sifa nyingine: Desemba 1971, vita na Pakistani vilipoharibu njia ya ndege ya Bhuj kwa mabomu, wanawake wa kijiji hicho wapatao 300 waliitengeneza kwa saa 72, wakiifunika kwa samadi ya ng'ombe isionekane kutoka angani, na wenyewe wakijificha kila king'ora kilipolia.

Kutch ya leo ni ya bandari na viwanda pia. Karachi ilipobaki Pakistani mwaka 1947, India ilijenga bandari ya Kandla, na kando yake mji wa Gandhidham kwa wakimbizi wa Kisindhi. Mundra imekuwa bandari kubwa sana ya makontena. Chumvi huvunwa kwa matani yasiyohesabika, na Rann Ndogo kuna familia za Waagariya wanaohamia kwenye chumvi yenyewe kila baada ya mvua, kupampu maji ya chini na kuyakausha, miguu yao ikiharibika kabla ya uzee. Maji ya mfereji wa Narmada yamefika sehemu nyingi, na mashamba ya tende na maembe yameongezeka.

Kuhusu safari yako. Desemba ni mwezi mzuri, lakini usiku ni baridi, beba sweta. Kutoka Ahmedabad hadi Bhuj ni kilomita 330 hivi. Treni ya usiku itakuokolea siku. Ukiwa na siku nne, siku ya kwanza kaa Bhuj na Ajrakhpur. Ya pili Nirona, Banni na jioni Dhordo kwenye chumvi. Ya tatu Dholavira, kwa barabara inayokatiza Rann kutoka Khavda. Ya nne Mandvi. Lakhpat iache, iko mbali na itakula siku nzima. Upande wa kaskazini ni mpakani, unahitaji kibali kinachotolewa njiani ukionyesha pasipoti, na dereva wako anajua pa kusimama. Mahema ya tamasha la Rann Utsav pale Dhordo ni ghali. Lala bhunga ya kijijini, utakula mkate wa uwele na mtindi wa nyati.

Mandvi shuka mtoni. Vyombo vya mbao bado vinaundwa kando ya maji, mkuku na mataruma nje, mafundi wakikalafati kwa pamba kama Pangani ya zamani, ila ukubwa wake ni mara nyingi zaidi na siku hizi hufungwa injini na kwenda Ghuba ya Uajemi na Somalia. Na kama unataka kukijua kijiji cha yule mzee wa dukani, usianze kwa jina lake, maana majina yanajirudia. Kabla hujaondoka Tanga waulize wazee alikuwa jamaa gani, Mbhatia, Khoja, Memoni, Mkhatri au Mkumbaro. Ukifika Mandvi utaje jamaa hiyo kwa mtu mzima yeyote wa sokoni na atakuelekeza kwenye ukumbi wao, ambako mara nyingi kuna mtu anayejua nani alikwenda Afrika na kutoka kijiji gani. Ukisubiri aitwe, kula dabeli kwenye mkokoteni. Ilianzia mji huo huo: mkate wa mviringo, viazi vya viungo, karanga za kukaanga na komamanga juu.